SOMO LA JAMII: VIPI TUWAFUNDISHE WATOTO WETU WAPATE KUUJUA MJI WAO NA KUJUANA WENYEWE KWA WENYEWE



Tumeombwa na baadhi ya wenzetu wa darsa tuandike juu ya somo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni somo la Jamii. Yaani lile somo linalomfundisha mtoto habari za nchi yake na watu wake, mambo yaliyopita na yaliyopo, serikali na kazi zake, haki za mtu na wajibu wake. Hesabu kila mzazi huiogopa na kuiheshimu. Kiingereza kila mzazi hukitaka. Lakini somo la Jamii husemwa kuwa ni la kusomwa usiku mmoja kabla ya mtihani. Nasi twaona kwamba kosa hili ni kubwa, na madhara yake twayaona kila siku ila hatujui yatokako.

Sikilizeni kisa kilichotupata sisi wenyewe. Siku moja ya Jumamosi tulikuwa na watoto wa skuli katika darsa yetu hapa Mombasa, tukamsimamisha kijana mmoja hodari, tukamwuliza majimbo ya Kenya. Akayasoma yote 47 pamoja na miji yake mikuu, wala hakukosea hata mmoja. Tukafurahi. Kisha tukamwuliza, "Maji mnayokunywa nyumbani yatoka wapi?" Akasema, "Kwa muuza maji." "Naye huyapata wapi?" "Mferejini." "Na mfereji nao huyapata wapi?" Akanyamaza. Tukamwuliza tena, "Na huyu uliyekaa naye ni nani?" Akasema, "Simjui jina. Sisi twamwita Mbara." Nao wamekaa benchi moja tangu mwezi wa Januari!

Basi tukarudi majumbani mwetu hali ya kuona haya, kwani mtoto huyu hakukosa akili wala bidii. Alilolikosa ni mafundisho. Tumempa majina 47 ya mbali, tukamnyima jina moja la karibu. Na mtoto asiyelijua jina la jirani yake leo, kesho atakapoambiwa kwamba jirani huyo ni adui, atakuwa na hoja gani ya kukataa? Sote twakumbuka yaliyopita katika nchi hii baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 walipouawa, na malaki wakahamishwa majumbani mwao. Waliofanya hayo wengi wao walipita skuli, na somo la Jamii walilisoma, na mitihani walifanya.

MAKOSA MATATU

Kabla hatujaeleza dawa, yatupasa kuujua ugonjwa. Sisi twaona makosa ni matatu.

La kwanza ni kukaririsha bila kufahamisha. Mtoto huambiwa, "Andika, kisha shika kwa moyo." Hatuwalaumu wanaoshika kwa moyo, hifadhi ni neema kubwa, na sisi Waislamu ndio watu wa mwisho wa kuidharau. Lakini hifadhi ni ghala, na ghala hutiwa chakula ili kiliwe. 

La pili ni kufundisha nchi isiyokuwa na watu. Mtoto hufundishwa milima, mito, tarehe na majina ya wakubwa, lakini mvuvi, mama muuza mahamri, utingo wa matatu na mzee alinda soko hawamo katika somo. Akatoka mtoto akidhani kuwa Jamii ni kitu kilichoko kitabuni, na yeye mwenyewe hamo.

La tatu ni kuwa mwalimu husema peke yake. Watoto 60 hukaa wakitazama kichwa cha mwenziwe wa mbele, na anayesema na jirani yake hupigwa. Tazameni ajabu hii: twafundisha namna ya watu kukaa pamoja, na katika saa hiyo hiyo twawakataza watu kusemezana!

Sasa tutaeleza mazoezi matano ambayo hayataki fedha wala vyombo vya ghali. Mengine tumeyajaribu wenyewe, na pale tulipokosea tutasema, ili mwenzetu asije akakosea vile vile.

ZOEZI LA KWANZA: RAMANI YA NJIA YA NYUMBANI

Mwambie kila mtoto achore njia aipitayo kutoka kwao hadi skuli. Asitumie kitabu wala simu. Ahesabu hatua zake toka mlango wa nyumba hadi pembe ya kwanza, kisha hadi pembe ya pili, na katika kila pembe aandike alichokiona: duka, msikiti, kanisa, mti mkubwa, mfereji wa maji machafu, nyumba ya mtu anayemjua.

Kisha mfundishe pande za dunia. Hapa sisi watu wa Mombasa tumepewa msaada mkubwa ambao waalimu wengi hawautumii. Mji wetu na mji wa Makka yako karibu sawa sawa katika ile mistari inayokatwa kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ncha ya kusini. Yote miwili iko kiasi cha digrii 40 mashariki ya Greenwich. Kwa hivyo, aelekeaye kibla hapa petu huwa ameelekea kaskazini. Mtoto wa miaka saba aliyewahi kuingia msikitini aijua kaskazini, ila hakuna aliyemwambia kwamba aijua. Mwambie, "Elekea kibla. Mkono wako wa kulia ndiko litokako jua, na wa kushoto ndiko litwako, na mgongo wako uko kusini." Na yule mtoto asiyekuwa Mwislamu mwonyeshe kwa jua la asubuhi, na wote wawili watafika pamoja. Hapo waulize tena: pepo za kaskazi na za kusi zaitwa hivyo kwa nini? Wataona ya kwamba mabaharia wa zamani waliyataja majina hayo kwa ilimu, si kwa bahati.

Ramani zikisha, zibandikeni ukutani zote pamoja. Watoto wataona njia zao zinakutana. Huyu ataona kwamba kila siku hupita mlangoni kwa yule. Na hili ndilo jambo la maana kuliko mistari iliyonyooka: mtoto anaona kwa jicho lake kuwa mtaa ni mmoja.

ZOEZI LA PILI: KUWAULIZA WAZEE

Kila mtoto apewe kazi ya kumwendea mzee mmoja, wa kwao au wa jirani, amwulize maswali matatu tu yaliyotungwa darasani. Maswali yawe madogo na ya hakika. Usimwambie mtoto amwulize bibi yake, "Zamani kulikuwaje?" kwani bibi atasema, "Kulikuwa kuzuri," na mambo yatakwisha hapo. Bali aulize, "Ulipokuwa mdogo maji mliteka wapi? Ulivuka vipi kwenda Nyali? Sokoni ulitumwa kununua nini?"

Majibu yatakuja, nayo yatagongana. Mzee mmoja atasema alivuka kwa daraja lililoelea juu ya maji, na mwingine atasema daraja la Nyali ni la saruji na halikuelea kamwe. Hapo ndipo penye somo. Usiharakishe kuwaambia watoto nani mkweli. Waache watafute, na mwisho watajua kwamba wote wawili ni wakweli: daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la saruji la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Kila mzee aliusema wakati wake.

Na kwa kazi hii sisi tuna mizani ambayo wazee wetu wa ilimu walitutangulia nayo zamani sana. Wanavyuoni wa Hadithi hawakuikubali habari ila kwanza waulize: Nani aliyekwambia? Naye aliambiwa na nani? Aliona kwa macho yake au alisikia? Alikuwa mtu wa kuaminika, mwenye hifadhi nzuri? Je, wako wengine walioyasema hayo hayo kwa njia nyingine? Mfundishe mtoto maswali haya matano, ayaandike nyuma ya daftari lake, ayatumie kwa maneno ya bibi yake kwa adabu, na ayatumie pia kwa kila habari imfikiayo katika simu. Siku hizi uwongo huzunguka mji mzima kabla ya adhuhuri, na aliyezoea kuuliza "nani aliyekwambia?" hatakuwa miongoni mwa wanaoubeba.

Tahadhari moja: mzee asisumbuliwe kwa mambo ya aibu ya watu wala ya ugomvi wa nasaba, na mtoto afundishwe kubisha hodi, kuamkia na kushukuru. Zoezi hili likifanywa vibaya humfanya mtoto kuwa mpelelezi. Likifanywa vizuri humfanya kuwa mjukuu wa mtaa mzima.

ZOEZI LA TATU: SAFARI YA CHAKULA CHETU

Waambie watoto wataje walichokula jana, kisha watafute kila kitu kilikotoka. Chora ramani ya Kenya kubwa sakafuni kwa chaki, na kwa kila kitu mtoto mmoja ashike ncha ya uzi palipo Mombasa, na mwingine aende na ncha ya pili hadi kilikotoka.

Nazi ni ya Kilifi au Kwale, uzi mfupi. Chumvi huenda ikawa ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Mchele wa Kenya mwingi ni wa Mwea, chini ya mlima Kenya, katika mashamba ya maji yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950. Viazi hutoka Nyandarua, chai Kericho, na vitunguu vingi huvuka mpaka kutoka Tanzania. Ama mkate, uzi wake utatoka nje ya mlango wa darasa, kwani ngano nyingi inayoliwa hapa kwetu hununuliwa ng'ambo. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda mpaka katika vioski vya mitaani mwetu. Na mtoto aliyeshika uzi ule atafahamu sababu.

Msisahau maji. Rudini kwa yule muuza maji wetu. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, mahali palipo mbali kwa kilomita zaidi ya 200, kwa bomba lililowekwa katika miaka ya 1950. Na maji hayo ya Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkeno, ikachujwa humo chini kwa chini, ikatokea safi. Basi mtu wa Mombasa akinywa bilauri moja ya maji, amekunywa mvua ya bara. Na mtu wa bara akivaa nguo au akiendesha gari lililopitia Kilindini, amepokea kilichobebwa na mikono ya pwani. Mwenye kufahamu haya ataona taabu kumwita mwenziwe "Mbara" kwa dharau, kama vile mwenziwe atakavyoona taabu kumwita mtu wa pwani mvivu.

ZOEZI LA NNE: KILA MMOJA NA KIPANDE CHAKE

Zoezi hili asili yake ni ya Marekani, na si vibaya kuchukua hekima popote ipatikanapo. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, Texas, skuli zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko ambao hapo kwanza walikuwa wakitengwa. Badala ya mapenzi, palitokea chuki na mapigano. Akaitwa mwalimu wa chuo kikuu, Elliot Aronson, yeye na wanafunzi wake, wakachungua, wakaona kwamba darasani kila mtoto anashindana na mwenziwe kumfurahisha mwalimu, na kila anayekosea huwa furaha ya wengine. Wakageuza mambo: somo wakaligawa vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenziwe hawanacho, na hapana njia ya kulijua somo zima ila kwa kumsikiliza kila mmoja.

Tufanye mfano kwa Ngome ya Yesu, ambayo watoto wetu huipita kila siku. Watoto wagawanywe wanne wanne. Wa kwanza apewe karatasi ya kujengwa kwake na Wareno tangu mwaka 1593. Wa pili apewe habari ya kuzingirwa kwake tangu 1696 hadi Waarabu wa Omani walipoitwaa mwaka 1698. Wa tatu apewe habari ya wakati wa Waingereza, walipoifanya jela. Wa nne apewe habari ya kufanywa nyumba ya makumbusho, na ya kuandikwa mwaka 2011 miongoni mwa turathi za dunia nzima. Kisha wote wenye kipande cha kwanza wakutane, wasome pamoja na kusaidiana. Na wenye cha pili vivyo hivyo, hata cha nne. Wakisha, kila mmoja arudi katika wanne wake akawafundishe wenziwe.

Yule mtoto mnyamavu, au mgeni, au asiyejua Kiswahili cha kimji, leo ana kitu ambacho wenziwe wakihitaji. Hawatamcheka, kwani wakimcheka atanyamaza, na akinyamaza wao ndio watakaokosa. Muhimu ni kwamba mwalimu mwenyewe achanganye makundi. Ukiwaacha watoto wachague, watachagua kama wazee wao wanavyochagua: mtaa wake, kabila lake, hali yake.

ZOEZI LA TANO: BARAZA LA DARASA

Hili ni zoezi la serikali na mali ya watu wote. Chukua punje 20 za kunde, ziite fedha za mtaa. Andika ubaoni haja sita: zahanati, taa za njia, kuzoa taka, chekechea, soko, na mifereji ya mvua. Watoto wakae duara kama barazani, wakubaliane punje zigawanywe vipi. Kila mwenye kusema ashike jiwe moja, na asiyelishika asikilize.

Hapo ndipo wafundishwe Katiba ya 2010. Waelezwe kwamba mambo haya sita ni kazi za serikali ya kaunti. Lakini skuli ya msingi wasomayo wao ni ya serikali kuu, hata ikiwa ipo mlango wa pili na chekechea ya kaunti. Waelezwe kwamba mapato yanayogawiwa kaunti zote kwa pamoja hayapasi kupungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Waelezwe kwamba kaunti ya Mombasa ina wadi 30, na kila wadi ina mjumbe, na mwananchi ana haki ya kuulizwa rai yake. Maneno haya kwenye kitabu ni makavu. Lakini mtoto ambaye ametoka kugombea punje tatu za mifereji huyasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu ya kesi yake.

Sasa twatimiza ahadi ya kusema kosa letu. Katika baraza la kwanza tulilolifanya, hatukutumia kunde. Tulichagua jambo lililokuwa likizungumzwa mjini siku zile, nalo ni kuondolewa wachuuzi barabarani. Tukawagawa watoto mafungu mawili, hawa wawatetee wachuuzi na hawa wawapinge. Wakasema vizuri sana, tukajiona tumefaulu. Katika wale waliopangwa kuwapinga alikuwamo msichana mmoja, akasimama, akataka kusema, asiweze, akakaa akalia. Baadaye ndipo tulipojua kwamba baba yake ni mchuuzi, na juma lile lile bidhaa zake zilikuwa zimechukuliwa na askari. Sisi tulimtia mtoto wa watu aseme mbele ya wenziwe kwamba babake ni uchafu wa njia. Hatukukusudia, lakini lilitendeka, na mwenye kutenda ni sisi.

Tulimwendea mamake tukataka radhi. Akatujibu kwa utulivu, "Mwalimu, mngaliuliza kwanza." Maneno hayo ni mafupi, na sisi tangu siku ile tumeyafanya kanuni. Kabla ya kuleta jambo la mjini darasani, mwalimu aulize: ni jeraha la nani? Pili, asimlazimishe mtoto kusema asichokiamini. Tatu, aanze kwa mambo ya kunde na mifereji, mpaka watoto wazoee kusikilizana, ndipo aingie katika mazito. Na mtoto awe na ruhusa ya kupitisha jiwe bila ya kusema.

Juma la pili yake msichana yule alirudi. Tulifanya baraza la kunde. Jiwe lilipomfikia alilishika kitambo, kisha akasema kwamba punje za soko ziongezwe, kwa sababu watu wakipewa mahali pa kuuzia hawatauzia njiani. Yule kijana hodari wa kaunti 47 akasema, "Mimi natoa punje mbili za taa." Sisi hatukuongeza neno.

TOKA DARASANI HADI MTAANI

Ilimu isiyofanyiwa kazi ni mti usiozaa. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alilitilia nguvu jambo hili katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mtaala mpya wa Kenya ulioanza kuenezwa mwaka 2019 nao wamtaka mwanafunzi aitumikie jamii yake. Basi kila muhula watoto wachague kazi moja ndogo inayoweza kumalizika. Kwa mfano, wachague mfereji mmoja karibu na skuli, waende pamoja na mwalimu, watazame bila ya kuingiza mikono, waandike ni taka gani ziuzibao. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Je, ingali ipo? Ikiwapo, yatoka wapi? Kisha waandike barua moja ya adabu kwa mjumbe wa wadi, na nyingine kwa wenye maduka. Wakijibiwa, ni somo. Wasipojibiwa, ni somo pia: waandike tena.

Lakini haifai kuwafanya watoto vibarua. Kuwapa mafagio na kuwaambia "Hii ndiyo Jamii" si mafundisho. Kazi bila ya kuuliza kwa nini ni adhabu tu iliyopewa jina zuri.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Huenda mtu akasema, "Haya ni michezo, na mtihani waja." Jawabu yetu ni kuwa ule mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa sasa unahesabu pia kazi anayoifanya mtoto mwaka mzima. Na hata katika mtihani wa aina yoyote, aliyeifundisha ngome kwa wenziwe haisahau upesi.

Mwingine atasema, "Darasa langu lina watoto 60." Twamwambia, hiyo ndiyo sababu ya kuwagawa wanne wanne. Mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza 60, lakini mtoto mmoja aweza kuwasikiliza watatu. Anza na zoezi moja kwa mwezi.

Na mwingine, naye ni mzazi, atasema, "Sitaki mwanangu achanganywe na kila mtu, atapotea." Ndugu yetu, twaifahamu hofu yako na hatuicheki. Lakini mtoto wako tayari amechanganyika, katika matatu, sokoni na kwenye simu, tena pasipo mwalimu. Lililo bora ni achanganyike mahali penye adabu na usimamizi. Anayeijua dini yake na nasaba yake vyema hapotei kwa kumjua jirani; na sisi twaamini kwamba Mola hakuwafanya watu kuwa makabila ili wajifaharishe.

MASWALI YA DARSA

Wenzetu wa darsa wayazungumze haya katika kikao chao kijacho, na waalimu wawajaribu watoto:

1. Taja majina ya watu watano wanaokaa katika njia ya kwenu kwenda skuli, na kazi zao.
2. Kwa nini wazee wawili waweza kutofautiana katika habari moja na wote wawe wakweli?
3. Katika chakula cha leo, ni kitu gani kilichotoka mbali zaidi, na ni mikono ya nani iliyokileta?
4. Kama una punje 20, mtaa wako ungeugawia vipi? Na je, umemwuliza nani kabla ya kugawa?
5. Mwalimu achague jambo moja la mjini analotaka kulileta darasani, kisha ajibu: ni jeraha la nani?

Ndugu zetu, samaki mkunje angali mbichi. Watoto hawa tunaowapanga leo kwenye mabenchi ndio watakaopangana wenyewe kesho katika mabaraza, masoko na mistari ya kupiga kura. Tuwafundisheni kujuana wakiwa wangali wanaweza kubadilishana chaki na mahamri.

Na lile benchi tulilolianzia? Yule kijana sasa amjua mwenziwe kwa jina lake na jina la babake, na ajua kuwa kwao ni Taita, karibu na yale maji ya Mzima. Siku hizi humwambia kwa mzaha, "Nyinyi msitufungie mfereji." Naye humjibu, "Na nyinyi msitufungie bandari." Mzaha wa namna hii sisi twauhesabu kuwa ni ilimu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuwalea watoto wetu kwa hekima na huruma, atusamehe tulipokosea, na azifanye kazi zetu ndogo ziwe na manufaa kwa watu wote. Amin.